Mkanda, simu, na picha tulizopoteza

Mwezi wa nne simu ya kikundi chetu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji pale bombani. Tuliitoa haraka, tukaifukia kwenye mchele kama watu wanavyoshauri, halafu tukaipeleka kwa fundi sokoni. Siku ya pili fundi akasema imekufa kabisa, na picha zote zilikuwa ndani ya simu yenyewe, si kwenye kadi. Ni picha za miaka mitatu: mashindano ya mpira, Siku ya Wakimbizi, mahafali ya darasa la ushonaji, watoto waliozaliwa, familia zilizopanda basi kwenda kuanza maisha Marekani na Australia. Hatukuwa tumezihifadhi mahali pengine. Bando ni ghali, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshafanya hiyo kazi.

Siku ya nne akaja mama mmoja wa zoni yetu. Kijana wake alikuwa beki wa timu yetu, akafariki kwa malaria wakati wa mvua. Mama akasema, "Wanangu, nimefuata ile picha ya mtoto. Mlisema mnazo nyingi." Tulikuwa vijana sita pale na hakuna aliyefungua mdomo. Mwishowe tukasema, "Mama, tusamehe, hatuna tena." Hakugombana na mtu. Alikaa kidogo, akaaga, akaenda zake.

Tangu siku ile kikundi kizima kinabishana kuhusu picha. Wengine wanasema zamani ilikuwa bora, picha ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Wengine wanasema zamani ipi hiyo, wakati wazazi wetu wengi hawana hata picha moja ya utoto wao. Ndiyo maana wiki hii badala ya habari za kambi tunawaletea historia kidogo ya picha za mkanda na picha za simu. Tumeuliza wazee, tumesoma, na mengine tumeyaona kwa macho yetu.

Tuanze na mzee mmoja jirani yetu. Alikuwa na studio ndogo Uvira kabla ya vita ya 1996. Vijana wengi hapa wanamjua kama fundi wa viatu tu, hata sisi hatukujua. Tulipomweleza habari ya simu alicheka kwanza, halafu akaona nyuso zetu akaacha. Akasema, "Nyie munapiga picha kama mvua. Mutoto anapiga mia moja kwa siku moja. Munaangalia ngapi?"

Yeye alikuwa anahesabu. Mkanda wa kawaida ulikuwa na picha 36 au 24, na ile mikanda mipana ya kamera za mraba ilitoa picha 12 tu. Kila ukibonyeza, umetumia pesa. Mteja akifumba macho, hujui mpaka mkanda usafishwe. Na kuusafisha ilikuwa kazi ya giza kweli, si maneno. Usiku, mlango umezibwa na blanketi, unafungua mkanda kwa kupapasa, unauzungusha kwenye chombo chake, ndipo unamimina dawa ya kwanza inayotoa sura, kisha maji, kisha dawa ya pili inayozuia picha isiendelee kuungua. Dawa za picha nyeusi na nyeupe zinataka joto la nyuzi kama 20. Uvira, pembeni ya ziwa, maji ya mchana yamepita hapo. Mzee alikuwa anayapoza kwenye mtungi wa udongo, na bado alipunguza dakika kwa kukisia. Ukikosea, mkanda wote unakuwa mweusi tii. Ukiukausha kwenye kamba wakati wa kiangazi, vumbi linakaa juu yake na kila picha inakuwa na madoadoa.

Akatusimulia harusi moja. Alipiga kutwa nzima, bibi harusi, bwana harusi, wakwe, keki, kwaya. Usiku akafungua kamera akakuta mkanda haukushika kwenye meno ya kuuvuta. Ulikuwa umekaa palepale ulipowekwa asubuhi. Hakuna hata picha moja. "Bwana harusi alinitafuta na fimbo," akasema, "na alikuwa na haki." Alirudisha malipo, akapiga familia nzima upya bure Jumapili iliyofuata, wamevaa nguo zilezile, lakini keki ilikuwa imeshaliwa.

Kwa hiyo mtu akituambia picha za mkanda zilikuwa na roho, tunamuuliza kwanza kama aliwahi kurudisha pesa ya harusi. Tumeona pia kwamba siku hizi huko Ulaya na Marekani vijana wamerudia kamera za mkanda kwa sababu wanazipenda. Ni sawa. Ila wao wana pesa ya kununua mkanda na mtu wa kuusafisha.

Hata hivyo ule uhaba ulifundisha watu kazi. Mpiga picha wa Bamako, Mali, Seydou Keïta, alifungua studio yake 1948, na anajulikana kwa kupiga mteja picha moja tu, kwa sababu mkanda uligharimu. Basi kabla ya kubonyeza alipanga kila kitu: mkono uwekwe wapi, kichwa kielekee wapi, kitambaa gani kiwe nyuma. Picha zake leo zinaning'inizwa kwenye makumbusho makubwa duniani. Waliokaa mbele ya kamera walikuwa watu wa kawaida waliotaka picha ya kumtumia ndugu.

Kinshasa nako kulikuwa na Ambroise Ngaimoko. Huyu alizaliwa Angola 1949, akakimbilia Kongo na familia yake 1961 vita ya kumwondoa Mreno ilipoanza. Yaani mkimbizi kama sisi. Mwaka 1971 akafungua studio akaiita Studio 3Z, zile Zaire tatu: nchi, pesa na mto, vyote vilikuwa vimepewa jina moja. Kijana mkimbizi ndiye aliyepiga picha vijana wa Kinshasa wakionyesha misuli na suruali zao pana. Hatukufundishwa haya shuleni, na tulisoma darasa baada ya darasa kuhusu wafalme wa Ulaya.

Lakini aliyetugusa zaidi ni Samuel Fosso, na hapa tutakaa kidogo.

Fosso alizaliwa Kumba, Kamerun, 1962, akalelewa Nigeria kwa bibi na babu yake, watu wa Igbo. Akiwa mtoto mdogo vita ya Biafra ikawakuta, ile ya 1967 mpaka 1970, wakajificha msituni. Mwaka 1972 mjomba wake akamchukua kwenda Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko akajifunza kupiga picha kwa muda wa miezi michache tu, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Miaka 13! Hapa kwetu mtoto wa umri huo bado anatumwa kuni.

Mchana alipiga wateja. Jioni mara nyingi mkanda ulikuwa bado haujaisha, na wateja wanataka picha zao haraka. Kusafisha mkanda ambao haujaisha ni kutupa pesa, kusubiri mpaka uishe ni kukosa mteja. Basi zile nafasi zilizobaki mwishoni akajipiga mwenyewe. Alivaa suruali za mtindo na viatu vya kisigino kirefu kama vya mwanamuziki Nico Mbarga, akaweka taa na mapazia vizuri, akasimama mbele ya kamera yake. Baadhi ya picha hizo alimtumia bibi yake Nigeria, aone kwamba mtoto aliyenusurika vitani yuko mzima na anapendeza.

Tulimsomea mzee habari hii. Akatikisa kichwa akasema, "Mwisho wa mkanda, ndiyo. Hata mimi nilikuwa namalizia kwa bibi yangu." Alimaanisha mke wake. Picha za mke wake karibu zote ni namba 35 na 36.

Zile picha za mwisho wa mkanda zilikaa kwenye maboksi miaka mingi. Mwaka 1993 mpiga picha Mfaransa, Bernard Descamps, alipita Bangui akiwatafuta wapiga picha kwa ajili ya maonyesho mapya ya Bamako. Fosso akapeleka picha zake huko 1994, na dunia ikamjua. Baadaye alifanya kazi nyingine kubwa, kama ile ya 2008 aliyojipiga akiwa amevaa kama viongozi wa watu weusi, Lumumba wetu akiwemo. Lakini mwanzo wake ulikuwa mabaki ya mkanda aliyoona vibaya kuyatupa. Hebu jiulize: angekuwa na simu yenye nafasi ya picha elfu kumi, angejipiga picha zile? Labda angejipiga nyingi zaidi. Labda angezifuta ili apate nafasi ya video. Hapo kikundi chetu hakikukubaliana na mpaka leo hakijakubaliana.

Sasa sikilizeni kitu cha ajabu. Mwaka uleule wa 1975, upande mwingine wa dunia, mji wa Rochester, Marekani, injinia kijana wa kampuni ya Kodak aitwaye Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3 na nusu hivi. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, nukta 100 kwa 100 tu, na ilichukua sekunde 23 kujiandika kwenye kaseti, kaseti kama zile za muziki. Ili kuiona ulihitaji televisheni. Hakuna mkanda, hakuna dawa, hakuna blanketi mlangoni. Kodak walikuwa wanaishi kwa kuuza mikanda na karatasi, kwa hiyo hawakuwa na haraka na chombo kile. Mwezi wa kwanza 2012 kampuni hiyohiyo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Kumbe chombo kilichowaangusha kilizaliwa nyumbani mwao.

Ndugu zetu mnaofanya kazi na mashirika, kipande hiki kinawahusu. Mwaka 1984 mpiga picha Mmarekani, Steve McCurry, aliingia kambi ya wakimbizi wa Afghanistan, Nasir Bagh, karibu na Peshawar nchini Pakistan. Akampiga picha msichana wa miaka kama 12, mwenye macho ya kijani na mtandio mwekundu. Alitumia mkanda wa rangi uliopaswa kusafirishwa mbali kusafishwa, hivyo hata yeye mwenyewe hakujua amepata nini mpaka arudi. Mwezi wa sita 1985 ile sura ikawa kwenye jalada la jarida la National Geographic, ikaonekana karibu kila nchi. Jina la msichana halikuandikwa popote. Lilijulikana 2002 walipomtafuta wakampata, Sharbat Gula, sasa mama mwenye watoto. Alikuwa hajawahi kuiona picha ile. Miaka 17 dunia inamwangalia usoni, na yeye hajui.

Tunasema jambo hili kwa sababu wapiga picha huja kwetu pia. Wakati wa mkanda angalau mtu alikuwa na sababu: picha haikuwa tayari, hakuna cha kuonyesha. Sasa kamera ina kioo nyuma. Inachukua sekunde mbili kumgeuzia mtu kioo umuulize, "Hii nayo sawa?" Wengine wanafanya hivyo, na tunawashukuru. Wengine wanapiga, wanaangalia wenyewe, wanatabasamu wenyewe, wanapanda gari. Mwaka jana dada mmoja wa kikundi alijikuta kwenye kalenda ya ofisi fulani, amebeba kuni, na hakumbuki kuulizwa. Alichokasirikia zaidi ni kwamba siku ile alikuwa hajasuka nywele.

Kuna picha nyingine za mkanda ambazo wazazi wetu hawatazisahau. Mwezi wa saba 1994 watu wanaofikia milioni moja walivuka kutoka Rwanda kuingia Goma ndani ya siku chache, na watoto wengi wakapotezana na wazazi. Wengine walikuwa wadogo mno, hawajui jina la baba wala la kijiji. Maandishi hayakuweza kuwasaidia. Basi mashirika, yakiwemo Msalaba Mwekundu na UNICEF, yakawapiga picha, na picha zikabandikwa kwenye mbao ili wazazi wapite wakitafuta sura. Mama mmoja mtu mzima wa zoni jirani alikuwa Goma wakati huo. Anasema watu walisimama mbele ya zile mbao kimya kama kanisani, na mara moja moja unasikia ukelele, unajua kuna aliyeona wake. Jua lilizichubua rangi lakini watu waliendelea kuziangalia.

Kazi hiyo haijaisha. Tangu 2013 Msalaba Mwekundu una huduma iitwayo Trace the Face, ambapo wakimbizi walioko Ulaya wanaweka picha zao wenyewe, kwenye intaneti na kwenye mabango ya karatasi, wakiuliza kama ndugu yupo. Ni karatasi na intaneti pamoja. Mtu anayetafuta ndugu yake hashiki upande kwenye ubishi wetu.

Na tuseme ukweli, simu imetufanyia mengi. Wengi wetu tulijifunza kupiga picha kwa kukosea bure. Mzee alikosea kwa pesa ya unga. Shangazi aliye kambi nyingine anaona mtoto mchanga siku aliyozaliwa, siyo baada ya miezi mitatu kwa mkono wa msafiri. Wakati nyumba zilipoezuliwa na upepo, picha zilifika ofisini kabla ya karatasi yoyote ya malalamiko. Hakuna mkanda ungefanya hayo.

Tatizo ni kwamba simu inatufanya tuamini tunayo kile ambacho hatuna. Mwezi wa pili 2014, vita vikiwa vimepamba moto Bangui, watu walivunja nyumba ya Samuel Fosso, yule yule. Yeye alikuwa Paris. Walichukua vya kuchukua, na vile walivyoona havina faida wakavimwaga barabarani: negativu zake na picha za karatasi, kazi ya miaka karibu 40, kwenye vumbi. Waandishi wa habari waliokuwa mjini wakapita, mmoja wao Jerome Delay wa shirika la AP, akatambua anachokanyaga. Yeye na wenzake wakarudi kuokota. Waliokoa maelfu ya negativu. Zilikuwa chafu, nyingine zimekunjika, lakini ukiinua kipande kile kuelekea jua, mtu anaonekana. Simu yetu ilikaa kwenye ndoo nusu dakika tu.

Basi tumefanya nini? Kwanza yule mama. Tuliuliza kwenye makundi yote ya WhatsApp, mpaka kwa waliosafiri. Kijana mmoja aliye Australia alikuwa na picha ya timu tuliyomtumia zamani. Ilikuwa imepungua ubora kwa kutumwatumwa, na marehemu yuko mstari wa nyuma, bega moja limezibwa na golikipa. Tuliikata tukabaki na sura yake, tukachanga, tukamtuma mwenye kibali cha kutoka akaichapishe mjini. Uso una ukungu kidogo. Mama aliishika muda mrefu, akauliza kama inawezekana kuona viatu, maana vilikuwa vipya. Haikuwezekana.

Sasa kila mwisho wa mwezi tunachagua picha kumi tu kati ya zote, tunazichapisha, tunaandika nyuma kwa penseli jina, zoni na tarehe. Kumi zinauma kuchagua kuliko mlivyofikiri. Mkutano wa kwanza ulichukua saa tatu na watu wawili wakanuniana.

Pili, mzee. Siku moja alituita akatoa bati la biskuti chini ya kitanda. Alilibeba kutoka Uvira 1996, akavuka nalo ziwa, na ndani yake mna vipande vya mkanda vimefungwa kwenye karatasi za daftari. Hakuwa ameziona sura zile kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kuwa hana mashine wala dawa. Kijana wetu mmoja akapata wazo. Tukawasha simu moja iwe nyeupe kioo kizima, tukalaza mkanda juu yake kwa kuinua kidogo na vijiti, tukapiga kwa simu nyingine, halafu tukageuza rangi, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi. Ukijaribu nyumbani, futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu na usiguse mkanda katikati.

Sura ya kwanza kutokea ilikuwa ya askari polisi na mke wake. Mzee akamtaja jina papo hapo, na jina la mke, na deni alilobakiza. Ya pili watoto wa komunyo. Ya tano akanyamaza, ni mke wake, amekaa kwenye kiti cha studio, anacheka na mtu aliyeko nyuma ya kamera. Alituomba tusigeuze haraka.

Mpaka leo tumefika picha 41, bati halijafika nusu. Majina 23 mzee anayakumbuka, mengine amesahau. Kuanzia Jumamosi tutaweka hapa zile ambazo hazina majina, chache chache, na hatutaweka za watu ambao familia zao zimekataa. Kama wewe au wazazi wako ni wa Uvira, Kalundu, Kiliba au Makobola, waonyesheni wazee. Akimtambua mtu, tuandikieni jina tu na jina la baba, mzee yuko nasi kila Jumatano jioni na anasubiri.